Sketi ya Kwaya Bwawani

Ndugu zangu wa Voi, Jumamosi ile nyumbani kwa Mghoi kulikuwa na raha tupu. Mghoi, fundi anayeishonea kwaya yetu sare, alikuwa akikanyaga cherehani huku akiimba, binti yake Wakesho akaingia mbio na kifurushi.

"Mama, nimelipata!"

Lilikuwa vazi la kuogelea la triathloni. Ukitoka majini unapanda baiskeli nalo, ukishuka unakimbia nalo. Lilibana mwili, likaishia mapajani, na kitambaa chake kilikauka upesi. Wakesho alikuwa amejaribu mengi, akichuchumaa na kuzungusha mikono dukani, mpaka akaridhika na hilo. Wiki iliyofuata angeshindania nafasi katika timu ya kaunti, ndoto yake tangu akilelewa na nyanya yake kule Chawia.

Mghoi alilivutavuta, akalipenda. Kisha akaingia Ndanu, mwenzake wa kwaya.

"Mama Wakesho, msichana wetu atapita barabara ya Miasenyi na hiyo? Watu watasema nini kanisani?"

Basi, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hilo "watu watasema" limetuharibia mangapi mazuri hapa kwetu! Mghoi aliingiwa na hofu. Akachukua kitambaa cha sare kilichobaki, akaliunganishia lile vazi sketi ya marinda mpaka magotini, akaipiga mishono miwili, maana mshono wa Mghoi hauachii.

"Mama, hii itabeba maji," Wakesho akasema.

"Itabeba heshima. Nimemaliza."

Wakesho hakubishana na mamake. Niambieni, nani kati yetu hangemsifu kwa utiifu huo?

Siku ya mchujo watu walilizunguka bwawa la hoteli. Wakesho aliruka, akawaacha wenzake, na Mghoi akapiga vigelegele. Lakini walipogeuka kurudi, marinda yalijaa maji yakamzonga miguu. Akaivuta ile sketi aing'oe. Mshono haukuachia. Akazama.

"Mwanangu!"

Kocha Kitonga alijitosa, akamkokota hadi ukingoni, Wakesho akikohoa na kutapika maji. Mghoi alikuwa tayari amepiga magoti, mkasi wake wa kazi mkononi, akikata alichokishona mwenyewe huku machozi yakimtoka.

"Nisamehe, mama," alimwambia bintiye.

Daktari alimpima, akasema yuko salama.

"Kuna kundi lingine jioni," Kitonga akasema. "Kama atajisikia..."

"Najisikia!"

Jioni Wakesho aliogelea, nyuzi za sare ya kwaya zikining'inia kiunoni. Akarukia baiskeli maji yakimdondoka, na alipogeuza kule njia ya Miasenyi vazi lilikuwa limeshakauka. Kwenye mbio za miguu, nusu ya kwaya ilijipanga kando ya barabara, na aliyepaza sauti kuliko wote ni Ndanu.

"Kimbia, Wakesho! Wacha waseme!"

Timu ilihitaji wasichana watatu. Jina la Wakesho lilisomwa la pili, na Mghoi akacheza mpaka kiatu kikamtoka.

Funzo

Wazazi wenzangu, vazi la mashindano lichaguliwe kwa kazi yake, na aachiwe kulichagua yule atakayeingia nalo majini. Heshima ya binti haipimwi kwa marinda. Na wale watu tuliohofia watasema nini, siku ile walikuwepo wengi bwawani. Binti alipozama, hakuna hata mmoja wao aliyelowa.