Mashua Iliyokwisha Ukutani

Upepo wa Sneek, mji wa mifereji huko Uholanzi, hauna adabu. Asubuhi ukienda shule unakupiga usoni, na jioni ukirudi nyumbani unakuta umegeuka, unakupiga usoni vilevile. Jildou, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliinama juu ya usukani wa baiskeli na kukanyaga pedeli kwa nguvu, kipande cha mkate wa jibini kikiwa bado mdomoni. Penye daraja alimkuta rafiki yake Wytse akimsubiri, amejifunga skafu hadi puani.

"Umechelewa wewe! Rixt atatutafuna wabichi," Wytse alisema.

"Aanze na wewe. Mifupa mitupu, atachoka haraka."

Wytse alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Majira ya baridi alilazwa hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu, na mama yake alikubali kwa shingo upande awe rubani wa mashua ya timu yao. Ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, na mashua yenye rubani mwepesi huenda kasi.

Kila mwaka darasa lao liligawanywa katika timu ndogo. Kila timu ilijenga mashua ya plaiwudi inayoendeshwa kwa nguvu za jua, na mwisho wa Mei mashua hizo zilishindana mferejini, mji mzima ukitazama. Timu ya Jildou ilikuwa na watu wanne: yeye mwenyewe, Wytse, kijana mpole aitwaye Hidde aliyeshughulikia nyaya na betri, na Rixt, kiongozi wao.

Mwalimu wao, Terpstra, aliwahi kufanya kazi kwa watengenezaji wa programu za kompyuta, na mtindo wa kazi wa huko aliuleta karakanani. Kazi kubwa hukatwa vipande vidogo. Kila kipande huandikwa kwenye kikaratasi cha njano, na kikaratasi huhama ukutani kutoka safu ya "Bado" kwenda "Inaendelea", kisha "Imekwisha". Kila asubuhi timu husimama mbele ya ukuta wake, husimama kweli ili maneno yasirefuke, na kila mmoja husema amefanya nini, leo atafanya nini, na kama amekwama, ni wapi. Palikuwa na sheria moja zaidi: kikaratasi hakiingii "Imekwisha" kabla mwenzako hajakagua kazi yako. Sheria hiyo timu ya Rixt ilikuwa imeitupa.

"Tunaaminiana, jamani," Rixt alikuwa amesema. "Kukaguana ni kupoteza muda."

Kila Ijumaa timu iliyohamisha vikaratasi vingi zaidi ilipewa keki yenye sukari ya waridi juu, na Rixt aliipenda keki ile kupita kiasi. Si kwa utamu wake, bali kwa kuila huku timu nyingine zikitazama.

Asubuhi hiyo walisimama ukutani. Hidde alijikuna shingo.

"Mimi... ile swichi ya kuzima mota rubani akianguka majini, bado inanisumbua kidogo."

"Bado?" Rixt alipaza sauti hadi timu ya jirani ikageuka. "Konokono wee! Tukusukume? Au tukununulie magurudumu?"

Watu wakacheka. Hidde naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Keshoye kikaratasi chake kilikuwa kwenye "Imekwisha", na hakuna aliyemuuliza kilifikaje huko.

Kazi ya Jildou ilikuwa kuziba viungo vya mbao kwa gundi na vitambaa, ili maji yasipenye. Gundi hiyo huja katika makopo mawili ya kuchanganywa, na ukichanganya vibaya inakugeuka. Mchana wa siku ile aliyochekwa Hidde, alikosea kipimo. Gundi ilianza kuchemka koponi, ikatoa moshi, ikawa ngumu kama jiwe kabla hajaifikisha kwenye kiungo cha mbele. Alilifunga kopo kwenye gazeti na kulitupa jaani. Gundi iliyobaki ilikuwa kidogo mno. Aliipaka juujuu, bila kitambaa, kisha akafunika yote kwa rangi ya bluu. Ukiitazama, ilipendeza kuliko viungo vilivyozibwa vizuri.

Alijua hatari yake. Usiponiamini mimi, uliza yeyote aliyekulia penye mifereji: mtoto wa Sneek anajua maji huanzia wapi kuingia.

Asubuhi iliyofuata, zamu yake ilipofika, neno "nimekwama" lilimjia mpaka kwenye ulimi. Akamtazama Rixt, aliyekuwa ameshika kiuno akisubiri.

"Viungo vyote tayari," Jildou alisema. "Sijakwama popote." Akakihamisha kikaratasi chake.

"Huyo ndiye mtu wangu!" Rixt alimpiga begani. "Umeona, Hidde? Jifunze."

Ijumaa walipewa keki. Jildou alionja kidogo, kipande kilichobaki akamsogezea Wytse.

Jumapili jioni mama yake alipakua viazi vya kuponda vilivyochanganywa na mboga, na soseji juu. Jildou alivichimba kwa uma, akavigeuza, akavichimba tena.

"Mbona huli, mwanangu?" mama aliuliza. "Kesho si ndiyo mnaijaribu mashua? Nimekutana na mama yake Wytse dukani. Maskini, ana wasiwasi wa kufa mtu. Maji bado ya baridi, anasema. Nikamwambia, 'We tulia, viungo kaviziba Jildou wangu.' Akapumua kidogo."

Jildou aliweka uma chini.

"Mama, sijisikii vizuri."

"Homa?"

"Hapana. Nimechoka tu."

Alipanda chumbani na kulala kifudifudi. Aliogopa kwa ajili ya Wytse, na aliogopa kwa ajili yake mwenyewe, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba hofu ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa.

Jumatatu darasa zima lilikuwa ukingoni mwa mfereji. Mashua ya Rixt na wenzake ilikuwa ya kwanza kushushwa, ya bluu, iking'aa. Wytse alivaa koti la kujiokoa lililomfika magotini. Alikuwa na furaha mpaka hakukohoa.

"Rubani, panda!" Rixt alipiga makofi. "Leo tunawaonyesha kazi."

Wytse aliweka mguu mmoja ndani ya mashua. Jildou aliuona mguu ule, kiatu kile chenye kamba ya kijani, kikikanyaga juu ya kiungo cha mbele. Sauti ikamtoka kabla hajaipa ruhusa.

"Shuka! Wytse, shuka!"

Kila mtu aligeuka.

"Una nini wewe?" Rixt aliuliza.

"Kiungo cha mbele sikukiziba. Gundi iliniharibikia, nikapaka rangi juu." Machozi yalikuwa yanamshuka sasa na hakuyafuta. "Nilidanganya. Kikaratasi nilikihamisha bure."

Wytse alirudisha mguu nchi kavu polepole. Alimtazama tu Jildou, na kutazamwa kule kuliuma kuliko tusi.

Rixt ndiye aliyelipuka. "Mbele ya watu wote? Ungeninong'oneza basi! Umetuaibisha!"

"Rixt, subiri," alisema Mwalimu Terpstra. Hakufoka. Aliifunga mashua kamba, akaweka mifuko ya mchanga mahali pa rubani, akaisukuma katikati ya mfereji. "Tutazame kwanza."

Walitazama. Kwa muda mashua ilitulia, na Jildou karibu aanze kutumaini. Kisha pua ya mashua ikaanza kuinama. Iliinama kidogo, ikainama zaidi, mpaka maji yakavuka ubao wa mbele na mifuko ya mchanga ikateleza ndani. Mwalimu alivuta kamba na wanafunzi wawili wakamsaidia. Hakuna aliyecheka.

Hapo Hidde akasogea mbele, mikono mfukoni.

"Mwalimu, na ile swichi yangu... haifanyi kazi. Nimeishikiza kwa utepe tu. Wytse angeanguka, mota ingeendelea kuzunguka."

Wytse alikohoa. "Na mimi tusidanganyane. Daktari alisema nisiingie kwenye maji ya baridi mpaka kikohozi kiishe. Mama sikumwambia. Nyinyi pia sikuwaambia."

Rixt aliwatazama mmoja mmoja kama watu asiowafahamu.

"Lakini kila asubuhi nawauliza! Kila asubuhi! Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie ili utuite konokono?" alijibu Wytse.

Rixt alikaa kwenye nyasi na kufunika uso kwa mikono. Nasema kweli, hapo hata waliomchukia walimwonea huruma.

Mwalimu Terpstra naye alikaa, suruali yake ikilowa umande. "Keki ile ni kosa langu," alisema. "Nilihesabu vikaratasi, nanyi mkanipa vikaratasi. Mashua hamkunipa, kwa sababu mashua sikuiuliza. Ijumaa hakuna keki tena kwa yeyote." Timu nyingine ziliguna. "Gunieni tu. Sasa, watu wanne hawa, mashindano ni wiki ijayo. Mnataka kuacha?"

Jildou alitaka kuacha. Alitaka kwenda nyumbani na asirudi shule mpaka watu wasahau.

"Gundi imekwisha," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Na sijui kuichanganya. Nimekwama."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa kwenye timu yao.

Rixt aliinuka, macho mekundu, akaelekea kwa timu ya jirani, wale wale aliokuwa akiwalia keki machoni. Aliongea nao kwa muda mrefu, kichwa chini. Alirudi na makopo mawili na msichana mmoja anayejua kipimo.

Wiki hiyo vikaratasi vingi vilirudi nyuma ukutani, kutoka "Imekwisha" kwenda "Bado", na ukuta wao ukawa wa aibu kuliko yote. Walikwangua rangi ya bluu wakiwa wanne kwenye kiungo kimoja, viwiko vikigongana. Jildou alichanganya gundi kidogo kidogo, Wytse akishika saa. Hidde alionyeshwa na mwalimu namna ya kuunga swichi, na Rixt aliikagua kwa kuivuta kamba yake, ile ya kumfunga rubani, mara nyingi hata Hidde akasema, "Basi, itakatika sasa!" Wytse alimweleza mama yake ukweli, akazuiwa kuingia majini, akalia, kisha akaomba awe wa kupima muda ukingoni. Kwa Jildou alikuwa bado anaongea kwa kifupi. Hakukutana naye darajani siku zote hizo, na Jildou hakulalamika.

Asubuhi ya mashindano walisimama mara ya mwisho, safari hii kando ya maji. Rixt alianza.

"Mimi nimekwama. Tunahitaji rubani, na sitaki kumlazimisha mtu."

"Nitapanda mimi," alisema Jildou.

"We mzito kuliko Wytse," Hidde alisema. "Tutachelewa."

"Tutachelewa," Jildou alikubali.

Wytse alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka chini ya ubao wa mbele, akapapasa kiungo chote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuharakisha. Alipoutoa mkono alisema, "Nimekagua. Panda."

Walifika nyuma, karibu wa mwisho kabisa. Mashua ilirudi ukingoni ndani kukiwa kukavu, na Rixt, aliyekuwa amepiga kelele mpaka sauti ikakauka, alimkumbatia Jildou pamoja na koti lake la kujiokoa.

Mwalimu Terpstra aliwakusanya pembeni. "Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Mimi nitaongeza kidogo. Anayeficha ana kosa, na Jildou analijua lake. Lakini anayewacheka wanaosema, naye anawafundisha kuficha. Timu nzuri si ya watu wasiokwama. Ni ile ambayo mtu akikwama anasema mapema, na akisema anasaidiwa. Mkiyaweza hayo mawili, mtajenga chochote. Mkiyashindwa, ukuta utajaa karatasi na mtu atazama."

Jildou alikuwa anatetemeka kwa baridi. Wytse alivua skafu yake, akasita kidogo, kisha akamfunga shingoni.