Ngoma ya Saar Haina Mazoezi

Wachezaji walikuwa saba, lakini Kaaha alisikia vishindo vya watu wanane. Alisimamisha wimbo, akawaambia warudie, akafumba macho na kuhesabu upya. Wanane. Alipofumbua aliwaona saba walewale, wametota jasho la Garissa la saa kumi alasiri.

Kaaha hakuwa mwepesi wa kuamini majini. Aliamini hujuma. Mwezi mzima alikuwa akigeuza filamu mbili za kale za Ulaya kuwa mchezo wa kuimba, filamu za ndoto ambamo mtu hufungua kabati akatokea jangwani na hakuna anayemuuliza, na nusu ya mtaa wao wa Galbet ilishasema huo ni wendawazimu, tena wa haramu. Kwa hiyo alimshuku Hanad, mwimbaji aliyenyimwa nafasi kubwa. Alimshuku pia mama mzee mpiga ngoma, Sharifo, ambaye wote walimwita Eeddo, shangazi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Filamu hizo hazikuwa na sauti, na Kaaha alitaka mdundo wa kumpeleka mtazamaji ndotoni. Alimwomba Sharifo ule wa saar, ambao wanawake humpigia mgonjwa ili jini wake apande na kusema shida yake. Sharifo alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali shingo upande, akauliza tu kama utapigwa hadi mwisho, na Kaaha akaitikia bila kufikiri. Tangu hapo, kila Kaaha aliposema basi, yule mama aliendelea kupiga, mpaka Kaaha akazoea kumwekea mkono juu ya ngoma. Ukaidi huo ulimzidishia shaka.

Nafasi kubwa alikuwa nayo Kowsar, mdogo wake. Mama yao alimruhusu baada ya Kaaha kuapa kwamba atamrudisha kama alivyomchukua. Sasa Kowsar hali chakula, na akiosha vyombo huimba beti ambazo hakuna aliyeziandika, kwa sauti nzito ya mwanamume. Kaaha aliogopa, ila alificha woga wake kwa ukali.

"Nani amekufundisha hizo beti? Ni Hanad?" alimuuliza jikoni, kwa kunong'ona.

"Abaayo, dada yangu, ukisema basi, nyinyi mnaenda nyumbani. Mimi nabaki naye. Amesimama nyuma yangu, anangoja tumalize."

Asubuhi yake Kaaha alikwenda kumgombeza Sharifo. Yule mama alimwacha aseme mpaka achoke, ndipo akamjibu kwa Kisomali, taratibu.

"Saar haina mazoezi. Anayeitwa huja, hulishwa, huagwa. Wewe unamwita, akifika mlangoni unasema basi, rudieni."

Wakakutana ukumbini siku hiyohiyo ili wamalize walichoanza, kundi zima, milango imefungwa kwa komeo, uvumba ukifuka, bakuli la buni zilizokaangwa kwa samli likiwa katikati ya jukwaa, na Sharifo akapiga bila kupumzika huku Kowsar akiyumba, akitikisa kichwa, akinguruma kwa ile sauti nzito, harufu ya ngamia aliyelowa mvua ikijaa chumbani ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uliopita, na Kaaha akiuma kitambaa ili mdomo wake usije ukasema basi, mpaka mdogo wake alipochota buni, akazitafuna, akaanguka kifudifudi. Ngoma ikatulia yenyewe.

Kowsar akainua kichwa. Akasema kwa sauti yake ndogo ya siku zote kwamba ana njaa, na anataka kwenda kwa mama. Kaaha akalia kwa furaha bila kuona haya.

"Ameondoka, Eeddo?"

"Huyo, ndiyo." Sharifo alikuwa akijipaka samli viganjani, bado hajaiweka ngoma chini. "Wewe ulisema basi mara ngapi?"

Kaaha hakujua. Nani huhesabu? Aligeuka na kumwona Hanad amenyoosha mkono kuelekea bakuli, macho yamegeuka meupe, na nyuma yake wachezaji, mmoja baada ya mwingine, nao wamenyoosha mikono.

Kowsar alikuwa tayari anahangaika na komeo. Sharifo akamwambia Kaaha amzuie, mlango usifunguliwe mpaka wa mwisho ale. Ndani ya bakuli zilibaki buni tatu.