Mbeleko ya Mji Pacha

Mtoto alikataa kunyonya siku tatu, na bado akawa ananenepa.

Tangu azaliwe majirani walimwita Bonge, kwa hiyo waliona mzaha tu. "Mama Bonge, huyu unamlisha nini, saruji?" alitania jirani wa mlango wa pili. Mama Bonge akacheka kwa meno tu. Matiti yalimuuma kwa kujaa, na mtoto akiyaona anageuza uso kama mtu aliyetoka kula kwa watu.

Alikuwa fundi cherehani, na wiki hiyo nyumba nzima ilijaa mavazi ya mchezo wa kuigiza. Kila mwaka mji wao na mji pacha wa ng'ambo ya mto huigiza pamoja kuwakumbuka akina mama na watoto waliochomwa ghalani wakati wa vita. Mwongozaji ni mumewe. Safari hii wenzao wa ng'ambo walileta mbeleko ya kweli, iliyookotwa kwenye majivu, na mume akaja nayo nyumbani ndani ya sanduku, eti ishonwe pindo.

Kila asubuhi Mama Bonge aliianika juani. Kila adhuhuri aliikuta imelowa katikati, pale panapokaa kichwa cha mtoto, inanuka maziwa yaliyoungua.

Siku ya nne, akiwa anashona, alimsikia mtu anabembeleza chumbani, sauti ya chini, ya kike, na mle ndani hamna mtu ila Bonge, akaacha cherehani, akaenda kwa ncha za vidole huku anajiambia ni redio, ni redio ya jirani, akasukuma mlango, na mchana ule mweupe akamwona mwanawe kalala juu ya mbeleko ambayo yeye mwenyewe aliiacha kambani, midomo inanyonya hewa, koo linameza, tone jeupe linashuka shavuni, harufu ya kuungua imejaa mpaka inatoa machozi, na mtoto hakumtazama yeye, alikuwa anatazama juu kidogo, pale uso wa mama unapokuwa.

Akamnyakua mtoto. Akavuta lile sanduku la mbeleko, airudishe humo alifunge. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na barua kutoka ng'ambo.

*Tunashukuru mmekubali kumpokea mwenye mbeleko. Kwetu hakutulia. Anataka nyumba yenye mtoto anayenyonya. Mwenye nyumba akimkaribisha, watoto wetu watapona.*

Chini yake, "Nimemkaribisha", na sahihi ya mumewe.

"Baba Bonge, ulijua," alimwambia mume aliporudi.

"Punguza sauti, atasikia."

"Ulijua?"

"Bila hivyo wasingekubali mchezo niongoze mimi. Ni mpaka siku ya maonyesho tu, mke wangu. Na mtoto kanawiri, amepungukiwa nini?"

Hakulia. Alimtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka minne, akaona hamjui hata jina. Akatoka kumwita mganga, bibi mmoja wa mtaa wa nyuma.

Bibi alinusa mlangoni, akakataa kiti. "Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Kakaribishwa. Aliyemwita ndiye amwambie atoke, kwa mdomo wake mwenyewe."

Mama Bonge akamkaza mwanawe kifuani. "Sema basi, Baba Bonge. Neno moja tu."

Mume akajifuta jasho, akalamba midomo, akafungua kinywa.

Ikatoka sauti ya kike, ya chini, inabembeleza.

Bonge akageuka mikononi mwa mama yake, akacheka, akamnyooshea baba yake mikono. Na kwenye shati la yule baba, kifuani, kulia na kushoto, taratibu pakaanza kulowa maziwa.