Aliyejibu Garini

Friji ya garini ilianza kuvuma Jumanne mchana, na haikuwa na mota. Muchiri alifundisha umeme chuoni. Alijua kwamba friji ya aina hiyo hupoza kwa waya unaopashwa moto na betri, kimya kama kikombe mezani. Aliweka sikio mlangoni mwake. Mvumo ukakoma.

Ulikuwa mwaka 2000, mwaka wa mgao wa umeme. Nyumba yao ya Uthiru ilikaa bila stima mchana kutwa, kwa hiyo insulini ya binti yake, Shiko, ilihifadhiwa kwenye gari la kupigia kambi lililoegeshwa uani. Sasa taa ya friji ilikuwa imezimika na ndani mlianza kupata joto. Dawa ikiharibika, Shiko angeugua upesi.

Muchiri akalala chini ya gari na mita yake. Betri nzima. Fyuzi nzima. Akakaza waya wa kwanza, akauliza kwa mazoea, "Imewaka?"

Miaka yote Wangeci, mkewe, ndiye aliyekaa ndani kuitazama ile taa na kumjibu. Wangeci alizikwa mwezi Machi.

"Bado," sauti ikasema juu yake.

Harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ikashuka kupitia sakafu. Muchiri alitaka kutambaa atoke, lakini akaifikiria dawa, akashika waya wa pili, na kwa kuwa sauti ilikuwa ile ile, ya upole, yenye kukwaruza kidogo mwishoni kama ilivyokuwa siku zake za hospitali, akauliza tena, akajibiwa tena, akaendelea waya baada ya waya hadi alipokwangua kutu pale waya wa mwisho uliposhikana na bodi ya gari, na aliyekuwa juu akasema taratibu, "Imewaka, Baba Shiko."

Friji ikapoa. Muchiri alipochomoa betri ili ahakikishe, taa haikuzimika.

Kesho yake alimleta Sharif, muuza vipuri wa mjini, mtu wa Lamu aliyefundishwa na babake kusomea watu dua.

"Nyinyi watu wa bara mkisikia sauti mwatafuta fyuzi," Sharif alisema. Alipoona nyaya zinaning'inia na taa inawaka, hakucheka. "Uliuliza mara ngapi?"

"Nyingi."

"Kila swali ulikuwa wamkaribisha, mwalimu. Si mkeo huyo. Ni jini."

"Lakini dawa iko baridi."

"Ndivyo anavyokushika."

Sharif akasoma kwa sauti ya chini. Barafu ikapasuka ndani ya friji, na taa ikafa. Wakaihamishia dawa kwenye mtungi uliofunikwa kwa kitambaa kibichi, chumbani kwa Shiko.

"Usimuulize mtu usiyemwona," Sharif aliagiza akiondoka.

Jioni Muchiri alikuwa jikoni akisonga ugali. Aliita kupitia ukutani, kama alivyoita kila jioni, "Umejidunga sindano?"

"Bado," sauti ikajibu kutoka chumbani, ikikwaruza kidogo mwishoni.

Shiko akaingia kutoka uani, amekumbatia nguo alizoanua. "Baba, nani yuko kwa chumba yangu?"

Mwiko ukatulia sufuriani.

"Amechelewa," sauti ikasema. "Mlete nimdunge."

Dawa yote ilikuwa humo chumbani.