Kanyaga, Mama Watoto

Haya yalimkuta rafiki yangu, dereva mstaafu, na lawama ni zangu. Mimi, ambaye ujuzi wangu wa magari unaishia kwenye kufungua mlango, ndiye niliyemshauri afunge kwenye gari lake ile vali ya turbo, ya kutoa upepo wa ziada, inayopiga chafya ukiachia mafuta. Alipoifunga, gari likaishiwa nguvu, na kesho yake alitakiwa kupanda milima kuhamia kwa bintiye.

"Baba, usibaki huko peke yako," binti alimsihi kwenye simu.

Gereji yake haina dirisha. Akawasha injini, akainama na tochi kutafuta upepo unakovujia. Kazi hiyo ni ya wawili: mmoja akanyage mafuta, mwingine asikilize. Miaka thelathini mkanyagaji alikuwa mkewe, sasa marehemu, mfupi wa miguu, mwingi wa maneno.

Kwa mazoea tu akasema, "Kanyaga, mama watoto. Taratibu!"

Kitu kikakwaruza ndani ya gari. Injini ikapanda, taratibu. Sssss! Mpira wa vali ulikuwa umelegea.

"Inatosha," akanong'ona. Injini ikashuka.

Akaukaza mpira, kisha akaenda kuzima gari. Tumbo lake likagoma kuingia. Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, hadi karibu kugusa usukani.