Machipukizi Yaliyokatwa Panda

Mche ulikuwa bado umesimama, lakini ulikuwa uchi.

Mama Henriette aliukuta hivyo Alhamisi moja, mwishoni mwa Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Machipukizi yote ya pembeni yalikuwa yamekatwa. Aliweka ndoo yake chini polepole, maana mtu akimwaga maji kwa hasira atayateka tena mwenyewe.

Mche huo haukuwa wa kawaida. Katika bustani zile za kando ya mto, nyuma ya kambi za zamani za wachimba madini katika mtaa wa Panda, baridi ya Julai ilikuwa imeunguza nyanya za kila mtu, na kilichoachwa na baridi kililiwa na wadudu. Huu peke yake ulipita katikati ya mabaya hayo kama mke wa chifu anavyopita sokoni. Uliletwa na Marlène, binti agronome, mtaalamu wa kilimo kutoka Lubumbashi, aliyechanganya nyanya ya bustani na nyanya ya mwitu: ile ndogo, chungu, yenye majani ya manyoya, inayoota kwenye milima ya baridi huko Amerika ya Kusini. Mdudu akitua kwenye jani lake, ananaswa na utomvu kama mlevi kwenye matope.

Marlène alikuwa amesema kwamba machipukizi yale, yakikatwa na kupandwa, yangempa Mama Henriette shamba zima kabla ya mvua. Lakini Mama Henriette alikataa kisu kisiguse mche mpaka tunda la kwanza liive, lipelekwe kanisani siku ya sadaka na kubarikiwa na Padri. Cha kwanza ni cha Mungu, jirani atangoja. Sasa tunda lilikuwa bado kijani, na machipukizi yalikwisha kwenda. Msimu huu ukipita mikono mitupu kama ile miwili iliyotangulia, bustani ingemshinda kabisa.

Saa tatu Marlène alifika, akapiga magoti.

"Hapana mbuzi, Mama. Mbuzi anapasula. Hii ni kisu, tena ya makali. Na angalia: kichwa ya muche, hakugusa. Tunda, hakugusa. Mwenye kufanya hii hakutaka muche ikufe."

"Donc ni mwizi wa huruma," alisema Mama Henriette. "Iyo aina njo mubaya. Mwizi mubaya unamukimbia. Huyu atakusalimia asubuhi."

Aliona pia kwamba majani ya chini yalikuwa yamelegea. Akasema moyoni, hata mimi ningekatwa hivyo ningelegea.

Alianza na Tshimanga, mlinzi wa bustani.

"Papa Tshimanga, jana usiku ulilala?"

"Minye? Sentinelle halalake, Mama. Anafunga tu macho juu ya baridi."

"Na mbele ya kufunga, uliona nani?"

"Magaribi, Rolly alipita na mufuko yake. Nyuma yake, Mama Georgette alikuya kuteka mazi. Kiisha, macho ikafunga."

Mama Henriette alitazama matembele yaliyozunguka kibanda cha mzee. Matembele hupandwa kwa kukata shina na kulichomeka ardhini. Kwa hiyo mtu huyu alijua kazi. Aliomba tu matembele ya mboga, akapewa mengi. Akazidi kumshuku.

Kisha akamkuta Rolly njiani, anakimbilia gari la Kambove, ambako alikuwa akichimba na kuchagua mawe ya shaba. Mwezi uliopita walikuwa wamegombana juu ya mfereji wa maji, na Rolly alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba nyanya za mama huyu hazitamnufaisha. Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka kwenye viwiko.

"Rolly! Iyo mikono?"

"Malachite, jiwe ya kijani, Mama! Gari inaniacha!" Akaruka ndani.

Kufikia mchana Panda nzima ilikuwa imemhukumu. Aliyepiga kelele zaidi alikuwa Georgette, rafiki wa Mama Henriette, mwimbaji mwenzake wa kwaya, aliyemwita yaya, dada mkubwa. Alikuja jioni na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya kumfariji.

"Mikono kijani, yaya, unatafuta nini tena? Minye vraiment nimeumia. Tangu tomati yangu ilikufa mwezi wa saba, hata jani moja sijagusa. Nilikuwa naangalia yako tu, roho inapoa."

Walilia pamoja kidogo. Sombe ilikuwa tamu. Mama Henriette alipobaki peke yake, alinawa mikono, akatazama povu lilivyogeuka njano, kwa kuwa mchana kutwa alikuwa ameshika mche wake. Akatulia hapo na sabuni mkononi, muda mrefu kuliko usafi unavyodai.

Jumamosi saa sita aliwaalika wote kwake kula bukari, ugali wa kwao: Marlène, Tshimanga, Rolly na Georgette. Kwao mgeni hajinawishi; mwenye nyumba ndiye anayemmwagia maji, na kukataa ni tusi. Mama Henriette alileta beseni jeupe, birika na kipande cha sabuni.

Tshimanga alinawa kwanza. Maji yakawa meusi.

"Papa, mu hii mazi tunaweza kupanda matembele," alisema Mama Henriette. Lakini povu lilikuwa la kijivu tu. Alimwaga, akaleta mengine.

Rolly alinawa. Maji yakawa kijani, na Georgette akasimama.

"Njo yeye! Minye nilisema!"

"Ikala, Georgette. Bukari haikimbie."

Beseni liliachwa chini. Baada ya kitambo, ule ukijani ulizama wote kama mchanga, maji ya juu yakabaki meupe.

"Jiwe inazama," alisema Mama Henriette. "Utomvu ya tomati haizamake. Rolly, mwanangu, leo utakula nyama ya kwanza. Georgette, leta mikono."

Georgette alichovya ncha za vidole.

"Na sabuni, mama."

"Acha tu, yaya. Mazi inatosha."

Huyu ndiye Georgette aliyewafukuza watoto mezani kwenye sikukuu ya parokia kwa kutosugua kucha. Mama Henriette aliishika mikono yake kwa upole, kama anayemwosha bibi arusi, akaisugua mwenyewe. Povu likatoka njano, halafu njano ya kijani, na harufu ya majani ya nyanya ikapanda juu ya harufu ya mboga. Kila mkulima pale aliijua. Utomvu ule hujificha kwenye ngozi siku nyingi. Sabuni ndiyo inayouamsha.

"Ulisema tangu mwezi wa saba haujagusa jani."

Georgette alikaa chini.

"Nilikuomba kichipukizi, yaya. Mara ngapi? Ulisema mpaka Padri abariki. Bustani yangu ni majivu. Minye muuza tomati, niko natembea soko kuuza chumvi! Nilisema nitakata pembeni tu, muche itaota tena. Iko kwangu mu makopo. Nimeimwangilia kama mutoto."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia. Beye haukusikia."

Hilo lilikuwa gumu kumeza kuliko bukari. Lakini Mama Henriette alikuwa bado na hasira yake, naye hakuwa mtu wa kupoteza chakula. Walikula kwanza. Kisha wakabeba makopo kutoka kwa Georgette, wayarudishe bustanini.

Huko walikuta mche umeanguka. Udongo ulikuwa na maji, tunda lilikuwa zima, lakini majani yote yalining'inia kama nguo iliyonyeshewa.

Marlène alikata shina, akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe ukashuka kutoka kwenye shina, polepole, kama maziwa.

"Ni ugonjwa ya udongo, Mama, njo iyo maziwa. Baridi, hii tomati inaishinda. Badudu, inabashinda. Lakini hii hapana. Ilikuwa ndani mbele ya kisu. Ile majani ya chini ililegea, njo ilikuwa mwanzo."

Alikata ncha ya chipukizi moja kutoka kwenye kopo, akaitia katika maji mapya. Walingoja. Maji yalibaki safi.

"Yangebakia hapa mpaka siku ya sadaka," alisema Marlène, "yote yangekufa na mama yao."

Mama Henriette alikaa juu ya ndoo yake. Mabega yakaanza kutikisika; walidhani analia, kumbe anacheka.

"Georgette, leo asubuhi nilichagula fimbo. Ningekupiga, ningepiga mukono ya Mungu." Alijifuta macho kwa kitenge. "Asante, mwizi yangu. Kwako udongo ni muzima?"

"Baridi tu njo iliuaka, yaya."

"Bon. Tutapanda kwako pamoja, shiye babili. Na miye nitaikala karibu na mulango yako, nikuchunge."

Jumapili, Padri alipouliza kama kuna mwenye neno la shukrani, Mama Henriette alisimama na kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwizi. Padri alifurahi sana, akahubiri dakika kumi juu ya yule mwizi mwema wa msalabani. Mama Henriette hakumkatiza. Kwenye benchi la kwaya Georgette aliinamisha kichwa, akauma kitambaa chake kwa meno ili kicheko kisitoke.