Kifumio cha Mfupa

Mkasa huu ulimpata jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama mmoja fundi cherehani aliyestaafu, na mtaa mzima tulizoea kumwita Mama Lesi. Sare za shule alizishona miaka thelathini, na siku alipoiuza ile cherehani alisema hataki tena kuona kola wala vifungo. Alichobaki nacho ni vifumio vyake.

Kama hujawahi kukiona kifumio cha lesi, ni kidude cha urefu wa kidole, vibapa viwili vilivyokutana ncha kwa ncha, na katikati panazungushiwa uzi. Unautandaza uzi kwenye vidole vya mkono wa kushoto, mkono wa kulia unapitisha kifumio juu, unakirudisha chini, na fundo moja limekaa. Ukitosheka na mafundo unavuta uzi wa ndani, nayo yanakusanyika kuwa kipete. Vipete vikifuatana ndiyo lesi yenyewe. Kipete kikishafungwa, kukifungua ni kazi ya kumtoa mtu machozi.

Mama Lesi alikuwa na vifumio arobaini na kimoja ndani ya mkebe wa biskuti: vya pembe, vya mbao, vya plastiki, kimoja cha fedha. Marehemu mumewe alikuwa akitania kwamba yeye ni mke mwenza wa ule mkebe, na mkebe ndiye bi mkubwa.

Cha arobaini na mbili alikipata kwa fundi saa, ambaye meza yake iko kando ya posta. Huyo hununua makorokoro ya nyumba za watu waliohama au kufariki, na akikuta kifumio humwekea.

"Mama Lesi, leo nimekuletea babu yao," alimwambia.

Kilikuwa cha mfupa, cha manjano ya jino la mzee. Kilikuja na uzi wake mweupe, na kwenye uzi ule palining'inia vipete vitatu vilivyokamilika, cha nne kikiwa wazi nusu. Uzi ulikuwa na vikunjo vikunjo, lakini ulikuwa mwembamba na imara, wa aina isiyouzwa tena.

Basi, Mama Lesi alikuwa na mazoea yake. Kifumio kikija na uzi wa mtu, huutoa wote akautupa, kwa sababu mkono wa mtu mwingine haulingani na wako na kazi huharibika. Lakini siku ile alijaribu fundo moja tu, kwa udadisi. Likakaa sawasawa na yale ya mwenzake asiyemjua, hata ungeleta hadubini usingejua nani kaishia wapi na nani kaanzia wapi. Kiburi kikamwingia. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane, amekuja kujifungulia kwa mama yake, na kofia ya mtoto ilikuwa bado haina lesi. Akaamua atamalizia kazi ile ile.

Alipovuta uzi kukifunga kipete cha nne, binti yake aliguna huko jikoni.

"Mama, huyu mjukuu wako leo kajikunja vibaya."

"Anatafuta nafasi. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo, msumbufu," alijibu, wakacheka.

Kesho yake alifunga cha tano, binti akashika tumbo. Cha sita, vilevile. Alipofunga cha nane binti alikaa chini ghafla na sufuria mkononi, midomo imemkauka. Mama Lesi alikiangalia kifumio. Akajiambia uzee huo, mtu anaanza kuunganisha mambo yasiyohusiana. Akaendelea kufuma.

Siku ya kumi uchungu ulimshika binti asubuhi mapema, kabla ya wakati. Wakakimbilia hospitali. Nesi mmoja mnene, mpole wa sauti, alimpima akakunja uso. Kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, alisema, itabidi apasuliwe, ila chumba cha upasuaji ni kimoja na kina mtu. Wangoje.

Mama Lesi akaachwa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa vioo vilivyopakwa rangi nyeupe. Akafanya alichozoea kufanya kila anapokuwa na hofu: akatoa kofia na lesi mkobani, akafuma. Mafundo yalikwenda yenyewe. Kipete cha kumi na moja kilikuwa tayari. Akavuta.

Ndani ya mlango binti yake alipiga ukelele.

Nesi alitoka mbio, akarudi na mwenzake, na Mama Lesi akasikia akinong'ona, "Mapigo ya mtoto yameshuka. Yameshuka kabisa."

Akaitazama lesi mapajani. Vipete kumi na kimoja, vyote vimekazwa. Sasa hakuweza tena kujidanganya. Akaushika uzi kwa meno ili aukate, na mara tu meno yalipouminya, ukelele mwingine ukatoka ndani, mbaya kuliko wa kwanza. Akauachia. Mate yenye ladha ya chumvi yalimjaa mdomoni.

Hakuna kukata, basi. Ni kufumua.

Alichomoa pini kwenye kilemba chake. Akatafuta pale fundo la kwanza linapogusana na la mwisho, akachokonoa, akachokonoa, mpaka uzi wa ndani ukalegea kiasi cha unywele. Akauvuta. Kipete kikafunguka. Akaanza kurudisha mafundo, moja baada ya jingine, kinyumenyume.

Nesi alichungulia. "Mama, yamepanda kidogo. Endelea kuomba."

"Naomba, mwanangu," alisema, bila kuinua macho.

Cha kumi. Cha tisa. Watu walipita na ndoo, na vitanda vya magurudumu, na chai. Hakuwaona. Cha nane. Shingo ilimuuma, jasho likamwingia machoni, akalifuta kwa bega kwa sababu vidole havikuwa vyake tena, vilikuwa vya kazi ile. Cha saba. Kila alipofungua, kule ndani palitulia. Kila aliposimama kupumua, alisikia binti yake akilia, "Mama, nakufa, Mama." Akaacha kupumzika.

Alipomaliza cha nne, uzi uliofumuliwa ulikuwa umejaa mapajani. Ulikuwa na vikunjo vikunjo.

Akaushika, akautazama vizuri.

Uzi mpya hauna vikunjo. Uzi wa zamani uliokaa kwenye kifumio hujipinda tu, wala haukunjiki namna ile. Vikunjo vya namna ile, vidogo, vinavyofuatana, ni vya uzi uliokwisha kuwa mafundo ukafumuliwa. Miaka yote hiyo ya ufundi, na siku ile kwa fundi saa aliviona kwa macho yake mawili akavipuuza. Mwenye kifumio hakuwa ameianza lesi akaiacha. Alikuwa anaifumua. Alikuwa amekaa mahali fulani na pini mkononi, kama yeye, akirudi nyuma kipete kwa kipete. Amefika cha nne. Amefungua nusu.

Na mtu haachi kazi kama ile katikati, isipokuwa akiletewa habari za msiba.

"Ee Mungu wangu," Mama Lesi alinong'ona, na machozi yakaanza kumtiririka.

Vilibaki vitatu, na hivyo havikuwa vya mkono wake. Cha tatu kilimkatalia, kikamvunja kucha, kikafunguka. Cha pili kilimtoa damu, na uzi mweupe ukawa na madoa. Ndani hakusikia tena kilio cha binti yake. Hakusikia kitu chochote.

Kikabaki kimoja.

Pini ikapinda. Akainyoosha kwa meno. Ikakatika. Akajaribu kwa ukucha uliobaki. Kipete kilikaza. Kilikuwa kinazidi kukaza, alikiona kwa macho, kinajivuta chenyewe polepole.

Mlango ukafunguka kidogo. "Mama," alisema nesi, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Jitayarishe."

"Bado!" alisema Mama Lesi. "Nakuomba, bado."

Akainama juu ya kile kipete mpaka midomo ikakigusa. Akanong'ona, si kwa Mungu.

"Hiki ni chako wewe. Mimi sikiwezi. Njoo. Njoo ukifungue mwenyewe, sitakuzuia."

Korido ikapoa. Kipete kikalegea. Mafundo yakarudi moja moja, taratibu, kwa mkono uliojua, na uzi ukanyooka juu ya damu yake.

Ndani, mtoto akalia.

Walikuwa wazima wote wawili. Nesi alimkumbatia, akasema hajawahi kuona, kitovu kimejiachia chenyewe shingoni kabla daktari hajagusa kisu. Mama Lesi alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaenda nyuma ya hospitali, akakitia kifumio na uzi wake katika tanuri la kuchomea taka, akasimama pale mpaka akaona moshi.

Siku ya tatu, nyumbani, alimwogesha mjukuu wake kwenye beseni. Alikuwa mtoto mtulivu, halii, anakutazama tu. Mama Lesi alikikunjua kiganja cha kushoto ili asafishe katikati ya vidole.

Ubavuni mwa kidole cha shahada palikuwa na mfereji mwembamba. Aliugusa. Ulikuwa na sugu, ngumu, inayoteleza kwa kusuguliwa, pale pale uzi unapopita. Ni sugu ya mafundi wa lesi. Yeye mwenyewe ya kwake ilimchukua miaka ishirini.

"Mama, mbona umenyamaza?" binti aliuliza kutoka kitandani. "Kuna nini?"

"Hamna kitu, mwanangu. Lala."

Akakifunika kile kiganja kwa taulo. Mtoto alikuwa anamtazama. Mama Lesi akainama, akamnong'oneza sikioni:

"Sitakuzuia, nilisema. Lakini mjukuu wangu yuko wapi?"